Mseto wa Dawa za Mieloma: Zaidi ya Nini?

Mieloma ni saratani ya seli za plazma, yaani seli zinazoishi ndani ya uloto wa mifupa na ambazo kazi yake ni kutengeneza kingamwili za kupambana na vijidudu vya maradhi. Seli moja ya aina hiyo inapoharibika na kuanza kujizalisha bila kikomo, huujaza uloto, humwaga katika damu protini isiyo na faida yoyote, huilegeza mifupa hata ikavunjika kwa jambo dogo, huzilemea figo, huleta upungufu wa damu na kumwacha mgonjwa bila kinga ya kutosha. Tiba za leo huweza kuutuliza ugonjwa huu kwa miaka kadhaa, lakini kwa wagonjwa walio wengi hurudi, na kila unaporudi huwa mgumu zaidi kutibika, kwa sababu seli zilizosalia ni zile zilizokwisha kuzistahimili dawa zilizotangulia. Ndiyo maana sehemu kubwa ya utafiti wa mieloma imeelekezwa kwa mgonjwa aliyerudiwa, na ndiyo maana dawa moja pekee haitegemewi tena, bali mseto wa dawa mbili, tatu na hata nne zinazoishambulia seli kwa njia tofauti.

Majaribio ya kitabibu ya mseto huo yamerefusha maisha ya watu, na hakuna mwenye akili timamu atakayelikana hilo. Hata hivyo, namba inayotangazwa mwishoni mwa jaribio haina maana yoyote mpaka ijulikane kundi la pili lilipewa nini, na katika ugonjwa huu aliyelichagulia kundi la pili tiba yake mara nyingi ni yule yule anayeuza dawa inayopimwa. Msomaji wa habari za tiba husikia kwamba mseto mpya umeshinda, lakini ni nadra kusikia umemshinda nani.

Tangu miaka ya 1960 tabibu alitegemea melfalani na prednisoni, na baadaye ukaongezeka upandikizaji wa seli za uloto za mgonjwa mwenyewe. Mlango mpya ulifunguka mwaka 1999, watafiti wa Arkansas nchini Marekani, akiwemo Bart Barlogie, walipotangaza kwamba thalidomidi, dawa ile ile iliyosababisha maelfu ya watoto kuzaliwa na viungo pungufu miongo minne kabla, ilikuwa imeushusha ugonjwa kwa karibu theluthi moja ya wagonjwa 84 ambao tiba nyingine zilikuwa zimewashinda. Mwaka 2003 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha bortezomibu, ambayo huuziba mtambo wa ndani ya seli unaosaga protini chakavu, hivyo seli ikazidiwa na taka zake yenyewe. Mwaka 2006 ikafuata lenalidomidi, ndugu wa thalidomidi, ikitumiwa pamoja na deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi. Kisha katika Novemba 2015, mwezi mmoja tu, mamlaka hiyo ikaidhinisha dawa tatu mpya za mieloma kwa mpigo: daratumumabu, iksazomibu na elotuzumabu. Tatizo la tabibu likageuka, kwani aliyekuwa hana cha kumpa mgonjwa sasa hakujua aanze na kipi.

Jaribio la awamu ya tatu, lile ambalo mamlaka za dawa hulitegemea zaidi, huwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu katika makundi mawili, ili tofauti itakayoonekana baadaye itokane na dawa wala si na umri au hali ya mgonjwa. Kundi moja hupewa mseto unaopimwa, na la pili, linaloitwa kundi linganishi, hupewa tiba inayokubalika kwa wakati huo. Kinachopimwa mara nyingi ni muda wa kuishi bila ugonjwa kusonga mbele, nao hutajwa kwa kipimo cha kati, yaani ule muda ambao nusu ya wagonjwa wameuvuka na nusu hawakuufikia. Mtengenezaji wa dawa huchukua mseto uliopo, huongeza dawa yake juu, kisha hulinganisha tatu na mbili. Katika jaribio la ASPIRE karfilzomibu iliongezwa juu ya lenalidomidi na deksamethasoni, na muda huo ukapanda kutoka miezi 17.6 hadi 26.3. Katika ELOQUENT-2 elotuzumabu iliongezwa juu ya mbili zile zile, na katika TOURMALINE-MM1 ilikuwa zamu ya iksazomibu. Kila dawa ya tatu ilishinda, na hakuna hata moja iliyosimamishwa mbele ya mwenzake, kwa hiyo majaribio hayo yote pamoja hayamwambii tabibu ni mseto upi kati ya hiyo ulio bora.

Mfano ulio wazi zaidi ni POLLUX, jaribio la wagonjwa 569 lililoongeza daratumumabu, kingamwili iliyotengenezwa maabara ambayo hujibandika kwenye alama ya CD38 iliyo juu ya seli za plazma. Muda wa kati bila ugonjwa kusonga mbele ulifika miezi 44.5, wakati waliopewa lenalidomidi na deksamethasoni pekee walipata 17.5, na hata muda wa kuishi wenyewe ulitofautiana, miezi 67.6 kwa 51.8. Haya ni matokeo makubwa na ya kweli. Lakini jaribio hilo, kama yale mengine matatu yaliyojengwa juu ya lenalidomidi, halikumpokea mgonjwa ambaye ugonjwa wake ulikuwa umekwisha kuwa sugu kwa lenalidomidi, na tangu Februari 2017, FDA ilipoidhinisha dawa hiyo itumike kama tiba ya kuendeleza baada ya upandikizaji, wagonjwa wengi wa Marekani na Ulaya huimeza mfululizo mpaka siku ugonjwa unaporudi. Maana yake ni kwamba mgonjwa anayeketi leo mbele ya daktari kwa marudio yake ya kwanza mara nyingi ni yule ambaye POLLUX ingemfungia mlango, na miezi 44.5 aliyoisoma mtandaoni ni ya mtu mwingine.

CASTOR, jaribio pacha la POLLUX lililotumia bortezomibu badala ya lenalidomidi, lina jambo jingine ambalo aghalabu hupita bila kutajwa. Makundi yote mawili yalipewa bortezomibu na deksamethasoni kwa mizunguko 8 ya siku 21, yaani wiki 24, na baada ya hapo kundi la majaribio liliendelea na daratumumabu wakati kundi linganishi lilibaki bila dawa yoyote likisubiri ugonjwa urudi. Miezi 16.7 dhidi ya 7.1 ndiyo iliyopatikana. Sehemu ya tofauti hiyo ni nguvu ya daratumumabu, bila shaka, lakini sehemu nyingine ni tofauti kati ya anayetibiwa na asiyetibiwa, na jaribio lenyewe halikuundwa ili kuzitenganisha hizo mbili. Aliyebuni mpango huo hakuvunja kanuni yoyote, kwani ndivyo bortezomibu ilivyokuwa ikitumiwa. Alichagua tu mpinzani atakayechoka mapema.

Suala zito kuliko hilo ni kama kuuchelewesha ugonjwa ni sawa na kurefusha maisha. Kwa kawaida viwili hivyo huenda pamoja, na mamlaka za dawa hukubali kipimo cha kwanza kwa sababu cha pili huchukua miaka mingi kupatikana. Jaribio la BELLINI lilionyesha kwamba vinaweza kuachana kabisa. Venetoklaksi ni kidonge kinachoizuia protini ya BCL-2, ambayo huzisaidia seli za saratani kukwepa kifo, nacho kilikuwa kimekwisha kuwafaa wagonjwa wa aina nyingine za saratani ya damu. Wagonjwa 291 wa mieloma iliyorudi waligawanywa, 194 wakapewa venetoklaksi pamoja na bortezomibu na deksamethasoni, na 97 wakapewa dawa hizo mbili pamoja na kidonge kisicho na dawa ndani yake. Kwa kipimo rasmi venetoklaksi ilishinda kwa mbali: miezi 22.4 bila ugonjwa kusonga mbele, dhidi ya 11.5. Kama wangeishia hapo, tangazo la ushindi lingekuwa limeandikwa. Lakini walipohesabiwa waliokufa, walikuwa 41 katika kundi la venetoklaksi na 11 katika kundi linganishi, yaani asilimia 21 dhidi ya 11, maambukizi yakiwa miongoni mwa sababu kuu, na Machi 2019 FDA ikatoa onyo la hadhara na kusimamisha uandikishaji wa wagonjwa wapya katika majaribio ya venetoklaksi kwa mieloma. Mseto ulikuwa umeidhibiti saratani na kumpoteza mwenye saratani.

Uchambuzi wa baadaye ulidokeza kwamba wagonjwa ambao seli zao zina hitilafu ya kromosomu 11 na 14 kubadilishana vipande huenda wakafaidika na venetoklaksi bila madhara hayo, na jaribio la CANOVA likaundwa kwa ajili yao peke yao. Mwaka 2023 matokeo yalikuja: miezi 9.9 dhidi ya 5.8 ya pomalidomidi, ndugu mwingine wa thalidomidi, tofauti ambayo kitakwimu haikutosha kuthibitisha kitu. Dawa inayoonekana kuwafaa watu fulani ikakosa hati kwa sababu jaribio lake halikuvuka mstari uliowekwa tangu mwanzo. Ni jambo la kusikitisha, lakini mstari ukisogezwa baada ya matokeo kujulikana hakuna jaribio litakaloshindwa tena.

BELLINI haikuwa peke yake. Julai 2017 mamlaka hiyo hiyo ilikuwa imesimamisha majaribio yaliyoongeza pembrolizumabu, dawa inayoamsha kinga ya mwili na iliyofanya makubwa katika saratani ya ngozi na ya mapafu, juu ya tiba za mieloma. Katika KEYNOTE-183, lililohusu wagonjwa 249 waliorudiwa na ugonjwa, walikufa 29 waliopewa dawa hiyo na 21 wasiopewa. Kisa cha melflufeni kinashangaza zaidi. FDA iliipa idhini ya haraka Februari 2021, kisha jaribio la OCEAN likaonyesha kwamba pamoja na kuuchelewesha ugonjwa kwa muda mrefu kidogo kuliko pomalidomidi, miezi 6.8 kwa 4.9, waliopewa melflufeni waliishi muda mfupi zaidi, miezi 19.8 kwa 25.0. Kampuni iliiondoa sokoni Marekani kabla mwaka haujaisha, lakini mwaka uliofuata Ulaya iliidhinisha dawa hiyo hiyo, kwa hoja kwamba madhara yalielekea kuwaangukia waliopandikizwa uloto na kurudiwa mapema, hivyo hao wakiachwa nje waliobaki hufaidika. Taarifa zilikuwa zile zile, na hukumu zikapishana.

Kuna maswali ambayo hayana mwenye kuyalipia, nayo ni yale yanayohusu kupunguza. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2011 wachunguzi waliwagawa wagonjwa 222 waliorudiwa na mieloma, wengine wakachomwa bortezomibu kwenye mshipa kama ilivyokuwa desturi na wengine chini ya ngozi. Ugonjwa ulishuka kwa kiasi kile kile katika makundi yote mawili, lakini maumivu na ganzi ya mikono na miguu, athari inayowafanya wagonjwa wengi waikimbie dawa hiyo, yaliwapata asilimia 38 ya waliochomwa chini ya ngozi dhidi ya asilimia 53 ya waliochomwa kwenye mshipa. Kubadili mahali pa sindano kulimfaa mgonjwa kuliko dawa kadhaa mpya zilivyomfaa. Kabla ya hapo jaribio la E4A03, lililowahusu wagonjwa wapya 445 na kugharimiwa kwa sehemu kubwa na fedha za umma wa Marekani, lilikuwa limepima kama deksamethasoni nyingi iliyozoeleka pamoja na lenalidomidi ilikuwa ya lazima. Baada ya mwaka mmoja walikuwa hai asilimia 96 ya waliopewa kiasi kidogo na asilimia 87 ya waliopewa kiasi kikubwa. Tofauti hiyo ilipatikana kwa kuacha kumpa mgonjwa kitu, na hakuna kampuni inayoweza kuuza kitu kilichoachwa.

Ni haki kusema kwamba majaribio ya miaka ya karibuni yamechagua wapinzani wenye nguvu zaidi. CARTITUDE-4, lililowapima wagonjwa 419 ambao lenalidomidi ilikuwa haiwasaidii tena, liliilinganisha tiba ya seli za kinga za mgonjwa mwenyewe, zinazotolewa mwilini, kufundishwa maabara na kurudishwa, na mseto wa dawa tatu unaotumika kweli hospitalini. Tiba hiyo ilishinda, hata katika kurefusha maisha, ingawa katika miezi ya mwanzo vifo vilikuwa vingi zaidi upande wake, baadhi vikiwapata waliokuwa bado wakisubiri seli zao zitengenezwe. DREAMM-7 liliiweka belantamabu mbele ya daratumumabu yenyewe, kila moja ikiwa na bortezomibu na deksamethasoni, na likapata miezi 36.6 dhidi ya 13.4. Dawa hiyo ilikuwa imeondolewa katika soko la Marekani mwaka 2022 baada ya jaribio lililotangulia kushindwa, ikarudi kwa mseto mpya, lakini ilikuja na gharama yake: asilimia 79 ya walioitumia walipata matatizo ya macho. Dereva, fundi cherehani au mwalimu anayesahihisha madaftari atazipima namba hizo mbili kwa namna ambayo takwimu haijui kuipima.

Wakati huo huo shinikizo la kupata majibu ya haraka linaongezeka. Aprili 2024 kamati ya washauri wa FDA ilipiga kura 12 kwa 0 ikikubali kwamba kutoonekana kwa mabaki ya seli za saratani katika uloto, kwa vipimo vinavyoweza kugundua seli moja katika laki moja, kunaweza kutumika kama ushahidi wa mapema wa kuidhinishia dawa za mieloma. Hoja yake ni nzuri, kwani wagonjwa wa sasa huishi muda mrefu kiasi kwamba kusubiri matokeo ya mwisho ni kuwanyima dawa walio hai. Lakini inafaa kukumbuka kwamba katika BELLINI waliofikia hali hiyo ya kutoonekana mabaki walikuwa wengi zaidi katika kundi la venetoklaksi, kundi lile lile lililozika watu wengi zaidi, kwa hiyo kipimo hicho kinapaswa kuambatana na sharti lisilojadiliwa la kuendelea kuwahesabu wagonjwa mpaka mwisho.

Lipo pia suala la waliomo na wasiomo. Watu weusi nchini Marekani hupata mieloma kiasi cha mara mbili ya weupe, nao ni karibu mgonjwa mmoja katika kila watano, lakini katika majaribio yaliyotumika kuidhinishia dawa za ugonjwa huu tangu mwaka 2003, wastani wao ulikuwa asilimia 4.5 tu kwa hesabu ya FDA yenyewe. Umaskini na umbali wa hospitali kubwa ni sehemu ya sababu, ila kuna kizuizi kingine kilichofichika katika masharti ya kuingia. Majaribio mengi humtaka mgonjwa awe na kiwango fulani cha nyutrofili, aina ya chembe nyeupe za damu, mara nyingi 1,000 au zaidi kwa kila mikrolita. Waafrika walio wengi kusini mwa Sahara, na wengi wa wazao wao walioko ng'ambo, hawana alama ya Duffy juu ya chembe zao nyekundu, urithi unaowakinga dhidi ya malaria ya vivaksi na ambao huambatana na nyutrofili chache kiasili, pasipo ugonjwa wowote. Mtu mwenye afya kwa kipimo cha mababu zake huhesabiwa dhaifu kwa kipimo cha wengine, kisha huachwa nje. Uchunguzi uliofanywa Ghana na kuchapishwa mwaka 2007 ulikuta kwamba hali inayotangulia mieloma iliwapata wanaume wa huko karibu mara mbili ya wanaume weupe wa Minnesota, hivyo haiwezekani kudai kwamba Afrika haina mieloma. Vilivyo haba ni vipimo vya kuigundua.

Kwa Afrika Mashariki swali la kundi linganishi linageuka juu chini. Shirika la Afya Duniani liliziingiza bortezomibu na lenalidomidi katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2019, na mpango wa AMPATH mjini Eldoret, unaoiunganisha Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi na vyuo vikuu vya ng'ambo, umekuwa ukiwahudumia wagonjwa wa mieloma wa magharibi mwa Kenya, lakini mseto unaodharauliwa huko Boston kuwa ni wa jana bado ni matumaini ya kesho kwa mgonjwa wa Kakamega au Sumbawanga ambaye hugunduliwa akiwa na mifupa iliyokwisha kuvunjika. Kumuuliza mgonjwa huyo kama dawa ya nne iongezwe juu ya tatu ni kumuuliza swali la nyumba nyingine. Anachohitaji kujua ni kama bortezomibu mara moja kwa wiki inamtosha mtu anayesafiri usiku kucha kuifikia, kama siklofosfamidi ya bei nafuu inaweza kushika nafasi ya daratumumabu kwa hasara inayovumilika, na kama lenalidomidi inaweza kusimamishwa baada ya miaka miwili bila ugonjwa kurudi mbio.

Hayo yote yanaweza kupimwa Eldoret, Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, kwa dawa ambazo hati miliki zake zimekwisha au zinaelekea kwisha, na kwa wagonjwa ambao nyutrofili zao ndizo za kawaida mahali hapo. Hakuna kampuni itakayoyalipia, kwa sababu hakuna dawa mpya itakayouzwa mwishoni. Kwa hiyo jukumu ni la serikali, mabaraza ya utafiti na mifuko ya bima ya afya, ambayo tayari hulipia mizunguko ya bortezomibu bila kujua ni mingapi inayohitajika. Na kamati za maadili zinapoletewa jaribio kutoka ng'ambo, jambo la kwanza zidai kuonyeshwa kwa maandishi ni kile ambacho kundi la pili litapewa, na nani atakilipia siku jaribio litakapofungwa.